Maswali ya Wasomaji: Jicho Linapovilia Damu, Kati ya Hospitali na Ayurveda

Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu, kadhaa zinahusu damu ndani ya jicho, na karibu zote zinauliza iwapo tiba ya hospitali yafaa kuachwa au kuchanganywa na dawa za Ayurveda, tiba ya jadi ya Bara Hindi ambayo sasa ina wafuasi duniani kote. Nimezikusanya pamoja kwa sababu waandishi wake wameuliza dawa ipi itumike kabla ya kuuliza damu iko sehemu gani ya jicho. Damu iliyo juu ya weupe wa jicho, damu iliyo mbele ya mboni na damu iliyo kwenye kina cha jicho ni matatizo matatu tofauti: la kwanza kwa kawaida hupona lenyewe, la pili ni la dharura, na la tatu linaweza kumpofusha mtu ambaye jicho lake kwa nje ni jeupe na safi kabisa.

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Leo asubuhi nilipojitazama kwenye kioo nilikuta upande mmoja wa weupe wa jicho langu la kushoto umejaa damu. Sisikii maumivu na ninaona kama kawaida. Rafiki yangu anayetumia dawa za Ayurveda anasema joto limezidi mwilini mwangu, na kwamba nijidondoshee jichoni maji ya trifala, yaani unga wa matunda matatu, yaliyochanganywa na samli. Je, nitapofuka?

JIBU: Ndugu msomaji, ondoa hofu. Ikiwa jicho haliumi, unaona sawasawa, na hukupigwa wala kuchomwa na kitu, basi ulichokiona ni damu iliyovuja kutoka kwenye mshipa mdogo na kunaswa chini ya utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Utando huo unapitisha mwanga, ndiyo maana tone dogo tu la damu huonekana kubwa na la kutisha. Damu hiyo haiwezi kupenya kuingia ndani, kwa kuwa weupe wenyewe ni ukuta mgumu uliosimama katikati.

Mara nyingi kisababishi hakipatikani. Kukohoa kwa nguvu, kupiga chafya, kutapika, kujikamua chooni, kunyanyua mzigo mzito au kusugua jicho usingizini kunaweza kupasua mshipa mmoja ulio dhaifu, na mwenye jicho asijue hadi aambiwe na mtu mwingine. Usishtuke iwapo katika siku mbili za mwanzo doa litapanuka, kwani kwa kawaida ni damu ileile inayosambaa. Baadaye litageuka kuwa la hudhurungi au la manjano, na litatoweka katika muda wa wiki moja hadi tatu. Hakuna dawa ya matone, ya hospitali wala ya jadi, iliyothibitishwa kuharakisha safari hiyo. Ukisikia mkwaruzo, machozi ya bandia yanayouzwa kwenye maduka ya dawa yanatosha. Hata hivyo nakuomba upimwe shinikizo la damu, kwa sababu kuna watu ambao presha yao iliyopanda kimyakimya hugunduliwa kwa mara ya kwanza baada ya jicho kuvilia damu namna hii.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako, ni vyema ujue kwamba Ayurveda yenyewe ililifahamu tatizo hili zamani sana. Katika Sushruta Samhita, kitabu cha kale kinachoorodhesha magonjwa 76 ya macho, limo tatizo liitwalo arjuna, ambalo ni doa moja kwenye weupe wa jicho lenye wekundu wa damu ya sungura. Wataalamu wa leo wa Ayurveda wanalilinganisha na tatizo lako. Matabibu wale walilihusisha na pitta, nguvu ya joto mwilini, wakalitibu kwa vitu walivyoviona kuwa vya kupoza, kama vile asali, maziwa na mzizi wa urukususu. Wagonjwa walipona na dawa zikasifiwa. Lakini wangepona hata bila dawa, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kuipima tiba yoyote ya tatizo linalojiponea lenyewe. Nakiri kwamba uangalifu wa macho ya wale matabibu unanistaajabisha, maana waliyatenganisha magonjwa kwa sehemu ya jicho yanapotokea, jambo ambalo barua nyingi za mwezi huu zimelisahau.

Samli na maji ya trifala yaliyotengenezwa jikoni hayajatakaswa vijidudu, na konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, ikishambuliwa na bakteria au fangasi inaweza kupata kidonda kinachoacha kovu la kudumu. Sioni sababu ya kulihatarisha jicho zima kwa ajili ya doa litakaloondoka lenyewe. Lakini ukianza kusikia maumivu, uoni ukipungua, mwanga ukikuumiza, au ukiona michubuko ya damu mahali pengine mwilini bila kujigonga, usisubiri wiki hizo tatu, nenda ukaonwe.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Mwenzetu bwenini ana macho mekundu yaliyovilia damu, yanatoa machozi na tongotongo, na wengine wameanza kuugua. Tumeambiwa tusimtazame machoni. Je, ni kweli unaambukiza hivyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli, kumtazama mgonjwa hakuambukizi. Mnayoyaona huenda ni maambukizi ya virusi vinavyovimbisha utando wa jicho na kuuvujisha damu, hasa enterovirasi 70 au koksaki A24. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Ghana mwaka 1969, wakati chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, na ndiyo maana sehemu nyingi ukapewa jina la Apollo. Unapita kwenye mikono, taulo, foronya na chupa za dawa za matone zinazochangiwa. Oshani mikono kwa sabuni, kila mtu awe na taulo yake, na mgonjwa akae pembeni hadi macho yatulie, jambo ambalo huchukua kama wiki moja au zaidi kidogo. Msichangie dawa yoyote ya matone, na hasa msitumie zenye steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, bila kupimwa, kwa kuwa zikikutana na aina fulani za virusi huharibu konea.

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 68 na ninatumia warfarini kwa sababu moyo wangu hudunda bila mpangilio. Hii ni mara ya tatu kwa mwaka huu jicho langu kuvilia damu. Mwanangu ananishauri niiache warfarini, nitumie badala yake vidonge vya manjano na kitunguu saumu, ambavyo anasema ni dawa za asili zisizo na madhara.

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Nakusihi usiiache warfarini kwa uamuzi wa nyumbani. Dawa hiyo inazuia damu isigande moyoni na bonge lake kusafiri hadi kwenye ubongo, na kiharusi ni hasara kubwa mno ukilinganisha na doa kwenye weupe wa jicho. Unachotakiwa kufanya sasa ni kupima INR, kipimo kinachoonyesha damu yako inachukua muda gani kuganda. Kwa wagonjwa wengi wa hali yako lengo huwa kati ya 2 na 3, na ikiwa imepita hapo daktari wako atapunguza dozi. Presha nayo ipimwe, pamoja na idadi ya chembe za kugandisha damu, kwa sababu damu inayorudi mara tatu inastahili kutafutiwa chanzo.

Mwanao ana nia njema, lakini ameshika upande mmoja tu wa jambo. Manjano na kitunguu saumu katika chakula havina tatizo. Vinapokaushwa na kukamuliwa kuwa vidonge vyenye nguvu, vinaweza kuzuia damu kuganda kwa kiasi kisichopimika, na vikiongezwa juu ya warfarini huongeza uwezekano wa kuvuja damu, na si jichoni tu. Yote unayoyameza, hata yale yanayouzwa kama chakula, mtajie daktari anayekupimia INR.

SWALI: Daktari, nisaidie haraka. Mwanangu wa miaka tisa alipigwa na mpira jichoni jana jioni. Leo, akiwa amekaa, naona damu imejikusanya mbele ya sehemu nyeusi ya jicho, chini, na juu yake pamebaki safi. Anasema anaona ukungu, na analala sana kuliko kawaida. Nimempa aspirini. Mama mkwe wangu anataka kumbandika kwenye kope mchanganyiko wa majani na samli ulioelekezwa na mtu wa Ayurveda. Mtoto ana selimundu.

JIBU: Mama huyu alijibiwa siku ileile barua yake ilipofika, naye aliambiwa ampeleke mtoto hospitali yenye daktari wa macho saa hiyohiyo. Ninalichapa jibu kwa ukamilifu wake kwa sababu ni kosa la kawaida kuiona damu hii kama ile ya swali la kwanza, na kosa hilo linaweza kugharimu uoni wa mtoto.

Damu inayokaa mbele ya mboni na kufanya mstari imo ndani ya jicho lenyewe, katika chumba kidogo chenye kama robo mililita ya maji, kati ya konea na mboni. Maji hayo hutengenezwa na kutolewa muda wote kupitia mifereji midogo iliyo pembezoni mwa chumba, na ndiyo yanayolipa jicho presha yake ya kawaida ya kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Chembe za damu zikiziba mifereji, presha hupanda na kuuminya mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Hatari ya pili ni kwamba mshipa uliopasuka hufungwa na bonge la damu ambalo hulegea baada ya siku chache, na damu ikitoka tena ndani ya siku tano za kwanza mara nyingi huwa nyingi kuliko ya mwanzo. Kwa hiyo mtoto anayeonekana ametulia leo hajavuka bado.

Selimundu inaligeuza jambo hili kuwa zito zaidi. Ndani ya chumba kile oksijeni ni chache, kwa hiyo chembe za damu hujikunja na kukakamaa, zikashindwa kupita kwenye mifereji ambayo chembe laini zingepita. Damu kidogo tu inaweza kupandisha presha sana, na mshipa wa fahamu wa mwenye selimundu huumia kwa presha ambayo mtoto mwingine angeivumilia. Zaidi ya hayo, asetazolamidi, mojawapo ya dawa zinazotumika kushusha presha ya jicho, inaweza kuzidisha kujikunja kwa chembe hizo, hivyo neno la kwanza la kumwambia daktari mlangoni ni kwamba mtoto ana selimundu. Usingizi usio wa kawaida baada ya kupigwa kichwani nao utajwe, kwani huenda ubongo pia uliumia.

Njiani, jicho lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, kwa mfano kitako cha kikombe cha karatasi kilichobandikwa juu ya mifupa inayolizunguka. Mtoto akae au alale kichwa kikiwa kimeinuliwa. Aspirini isirudiwe, wala ibuprofeni isitumike, kwa kuwa zote huzuia damu kuganda, na aspirini kwa watoto ina hatari zake nyingine, parasetamoli inatosha. Hospitali watapima presha ya jicho, watahakikisha ukuta wa jicho haukupasuka, na kwa kawaida wataanza matone ya atropini ya kuituliza mboni, matone ya steroidi ya kupunguza uvimbe, na dawa za kushusha presha zinazomfaa. Wakati mwingine hutolewa pia asidi ya traneksamiki ili bonge lisilegee mapema. Atahitaji kuonwa kila siku kwa siku kadhaa, na presha ikikataa kushuka damu itaoshwa kwa upasuaji. Hata baada ya kupona apimwe presha ya jicho kila mwaka, maana mifereji iliyoumia huweza kuleta glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, miaka mingi baadaye.

Ubandiko usiwekwe kabisa. Jicho lililopigwa linaweza kuwa limepasuka mahali pasipoonekana, na kulikandamiza kunaweza kuvisukuma nje vilivyomo. Namwambia bibi yake mtoto, kwa heshima, kwamba hata Ayurveda haina dawa ya kubandika inayoweza kushusha presha iliyomo ndani ya jicho. Nimesikia pia ruba wakiwekwa karibu na macho ili wanyonye damu chafu, nami nasisitiza juu ya hilo: mate ya ruba yana hirudini, kitu kinachozuia damu kuganda, na mgonjwa huyu anahitaji damu yake igande na ibaki imeganda.

SWALI: Daktari, nimeishi na kisukari kwa miaka 14. Wiki mbili zilizopita niliona ghafla nyuzi nyeusi zinazoelea, kisha moshi mwekundu ukafunika jicho la kulia. Halina wekundu wala maumivu. Daktari bingwa amesema damu imevuja kwenye kina cha jicho, anataka kunichoma sindano ndani ya jicho na baadaye leza. Nimepata kituo cha Ayurveda kinachoahidi kuisafisha damu kwa tarpana na trifala katika siku arobaini, bila kisu wala sindano. Ni kweli kabisa ninaogopa sindano. Nifuate ipi?

JIBU: Fuata sindano na leza, na nenda wiki hii. Ahadi ya siku arobaini inavutia, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kwa nini ninasema hivyo.

Sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo inayolisha retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Sehemu za retina zinazokosa damu hutoa kemikali ya kuita mishipa mipya ichipue. Mishipa huchipua kweli, lakini ni dhaifu, nayo huota mahali isipotakiwa, juu ya retina, ikishikamana na ute mzito unaolijaza jicho. Ute ukisogea kidogo, mishipa huvutwa na kupasuka, na damu humwagika ndani ya ute huo wenye ujazo wa kama mililita nne. Hakuna maumivu kwa sababu retina haina neva za maumivu, na weupe unabaki safi kwa sababu yote yanatokea nyuma. Basi damu uliyoiona ni matokeo tu. Ugonjwa wenyewe ni ile mishipa.

Sasa tazama ahadi ya kituo. Damu ya namna hii mara nyingi hupungua yenyewe katika wiki au miezi, ikitelemka chini na kuondolewa na mwili taratibu. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba siku ya arobaini utaona vizuri kuliko leo, ukaamini kuwa samli imekuponya. Wakati huohuo mishipa itakuwa inaendelea kukua, na ikikomaa huwa makovu yanayosinyaa na kuivuta retina itoke mahali pake. Jicho likifika hapo, upasuaji unaweza kuirudisha retina lakini si lazima uurudishe uoni. Siku arobaini ndizo hasa unazohitaji kuzitumia vizuri.

Sindano unayoiogopa ina dawa inayozuia ile kemikali ya kuchipusha mishipa. Majina yake ni bevasizumabu, ranibizumabu au afliberseputi. Jicho hutiwa ganzi kwa matone, husafishwa kwa dawa ya iodini, na sindano nyembamba hupitishwa kwenye weupe kwa sekunde chache. Wagonjwa wengi husema walihisi mgandamizo tu, na kwamba hofu ya usiku wa kuamkia siku hiyo iliwasumbua zaidi. Hatari kubwa ni maambukizi ndani ya jicho, ambayo hutokea kwa chini ya sindano moja kati ya 1,000. Jicho likianza kuuma au uoni ukishuka baada ya siku chache, rudi siku hiyohiyo. Leza nayo huchoma vidoa vingi kwenye pembezoni mwa retina ili sehemu zenye njaa ya damu ziache kuita mishipa. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani ulionyesha mwaka 1976 kwamba leza hupunguza kwa nusu au zaidi hatari ya kupoteza uoni vibaya, na matokeo hayo yameendelea kuthibitika. Leza hata hivyo haiwezi kupita kwenye damu nzito, na ndiyo maana daktari wako ameanza na sindano. Damu ikikataa kuondoka, ipo njia ya kuukata na kuunyonya ute wenyewe pamoja na damu, upasuaji ulioanzishwa na Robert Machemer huko Miami mwaka 1970. Kabla ya hapo wengi wa watu wa hali yako waliishia gizani.

Tarpana ni kuzungushia macho ukuta wa kinyunga cha unga wa dengu nyeusi, kumimina ndani yake samli ya vuguvugu iliyopikwa na mitishamba, na kumwambia mgonjwa afungue na kufumba macho. Wapo wanaopata nafuu ya macho makavu kwa njia hiyo, na sibishani nao. Lakini samli iliyo juu ya konea haifiki kwenye ute wa jicho, na haiigusi mishipa iliyo kwenye retina. Jicho lililochomwa sindano au kupasuliwa karibuni halitakiwi kabisa kumiminiwa samli isiyotakaswa. Trifala, ambayo ni unga wa matunda matatu, yaani amalaki, haritaki na bibhitaki, hulainisha choo na inaweza kushusha sukari kidogo. Ukiimeza pamoja na insulini au vidonge vya kisukari bila kupima, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Yapo ya kufanya nyumbani. Lala kichwa kikiwa juu ili damu itelemke na kuachia katikati ya uoni. Epuka kuinama kwa muda mrefu na kunyanyua vizito. Ikiwa unatumia aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache, kwa kuwa imepimwa kwa wagonjwa wa kisukari na haikuonekana kuzidisha damu ndani ya jicho. Rekebisha sukari pamoja na daktari wako, kwa hatua, kwani kuishusha kwa kishindo kunaweza kuichafua retina kwa muda kabla haijatulia. Jicho la kushoto nalo lipimwe, hata kama linaona vizuri. Mwenye kisukari cha aina ya pili anatakiwa kupimwa retina tangu siku anapogunduliwa, na wa aina ya kwanza ndani ya miaka mitano, kisha kila mwaka.

Na kwa msomaji asiye na kisukari anayeona nyuzi zinazoelea ghafla, mimweko ya mwanga au pazia upande mmoja: huenda retina imechanika. Hiyo haisubiri wiki. Aonwe siku hiyohiyo.

SWALI: Daktari, nimefuata Ayurveda kwa miaka mingi na imenisaidia kulala na kula vizuri. Mshipa mmoja wa retina yangu umeziba na kuvujisha damu, nami nimeanza sindano. Madaktari wa hospitali wananikataza kila kitu bila maelezo. Je, hakuna ninachoweza kuendelea nacho?

JIBU: Kipo, na ulistahili kupewa maelezo. Mshipa wa retina huziba zaidi kwa watu wenye presha, kisukari, mafuta mengi kwenye damu au glakoma, kwa hiyo chochote katika desturi yako kinachokusaidia kulala, kupunguza uzito, kutembea kila siku na kuacha sigara kinaitetea retina yako. Kupakwa mafuta mwilini na kupumua taratibu hakuna ubaya. Chakula chepesi cha mboga nacho kiendelee.

Yanayokatazwa yana sababu zake. Kusimama kwa kichwa katika yoga hupandisha presha ya jicho karibu maradufu, na kupumua kwa kusukuma tumbo kwa nguvu kunafanana na kukohoa. Yaache yote mawili. Tiba ya kutapishwa iache pia, na hapa mapokeo yenyewe yako upande wangu: vitabu vya kale vinauita ugonjwa wa kuvuja damu raktapitta, na damu inapotokea sehemu za juu, yaani puani, mdomoni, masikioni au machoni, vinaagiza mgonjwa aharishwe badala ya kutapishwa. Hata kuharishwa kusifanyike bila daktari wako kujua, kwa sababu kupungukiwa maji kunaifanya damu kuwa nzito, na damu nzito huziba mishipa. Urukususu, ambao huwekwa katika dawa nyingi za macho, unapandisha presha na kushusha potasiamu ukinywewa mfululizo. Gugulu, utomvu wa mti unaotumiwa katika dawa za Ayurveda, inaweza kugongana na dawa za moyo na za kuzuia damu kuganda.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni madini. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa makusudi kwa zebaki, risasi au aseniki, na nyingine huchafuliwa nazo kiwandani. Mwaka 2004 watafiti walipima bidhaa 70 zilizouzwa katika maduka ya Boston wakakuta moja kati ya tano ina madini hayo. Mwaka 2008 walipima bidhaa 193 zilizonunuliwa kwenye intaneti, na sehemu iliyokuwa na madini ilikuwa karibu ileile. Wanja wa kupaka machoni nao unaweza kuwa na risasi nyingi. Kama unamwona tabibu, chagua aliyesomea: nchini India shahada ya Ayurveda huchukua miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo ya vitendo, na lipo tawi zima, shalakya, linaloshughulika na macho, masikio, pua na koo. Tabibu wa namna hiyo akiona retina inavuja damu atakurudisha hospitali mwenyewe. Anayekuambia uache sindano ndiye wa kuacha. Andika majina ya vyote unavyotumia, uende na karatasi hiyo kliniki. Si lazima daktari akubaliane nawe, lakini ni lazima ajue.

SWALI: Daktari, kaka yangu alipasuliwa wiki iliyopita, wakaondoa ute wenye damu na kumjaza gesi ndani ya jicho. Anataka kusafiri kwa ndege. Je, anaruhusiwa?

JIBU: Hapana, hadi daktari aliyempasua ahakikishe gesi yote imeisha. Ndege inapopaa, hewa ndani yake hupungua mgandamizo, gesi iliyo jichoni hutanuka, na presha ya jicho inaweza kupanda hadi kuzima mzunguko wa damu kwenye retina. Kupanda milima mirefu kwa gari kuna hatari hiyohiyo. Kutegemea aina ya gesi, huchukua wiki mbili hadi miezi miwili kuisha, na yeye mwenyewe ataiona ikipungua kama mstari unaoshuka mbele ya jicho. Akihitaji upasuaji mwingine wowote katika kipindi hicho, hata wa jino, awaambie mapema kwamba ana gesi jichoni, ili wasimpe nusukaputi ya oksidi ya naitrojeni, ambayo nayo huitanua. Na ule mkao wa kichwa alioelekezwa hospitalini aufuate hata kama shingo inamchosha, kwa maana ndio unaoishikilia retina mahali pake inapopona.